Leseni ya Windows na Historia ya Mashine Katika Nyumba za Mbeya na Iringa

Uamilishaji wa mfumo endeshi, yaani hatua ambayo kwayo programu kuu inayoratibu kazi zote za kompyuta huthibitishwa na mtengenezaji wake kuwa ina leseni halali, ni jambo ambalo mnunuzi wa kompyuta mpya hulipita bila kulitambua, kwa kuwa hufanyika lenyewe mara mashine inapounganishwa na intaneti kwa mara ya kwanza. Katika miji ya Mbeya na Iringa, ambako kompyuta nyingi za nyumbani hazikununuliwa zikiwa mpya bali zilikwisha kutumika Ulaya au katika nchi za Ghuba kabla ya kuletwa nchini, jambo hilohilo hujitokeza kama kero isiyokwisha: maandishi hafifu ya kumtaka mtumiaji aamilishe Windows hujichora kwenye pembe ya chini ya skrini upande wa kulia, mipangilio ya rangi na picha hufungwa, na baada ya muda mashine hurudishwa kwa fundi ili "ipigwe Windows" upya. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba tiba hiyo, ambayo huwagharimu wanafunzi, walimu na wenye steshonari fedha zisizo za lazima, mara nyingi hutolewa kabla ya kuulizwa swali la msingi, nalo ni kwamba mashine husika ilizaliwa na leseni gani, na imepatwa na nini tangu hapo.

Utaratibu wenyewe hauna umri mkubwa. Kampuni ya Microsoft iliufanya kuwa sharti la kawaida kwa watumiaji wa nyumbani mwaka 2001 kupitia Windows XP, ambayo ilimpa mtumiaji siku 30 za kuamilisha na baada ya hapo ikamzuia kuingia. Windows Vista, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007, ilianza na ukali wa namna hiyo, lakini ukali huo ulilegezwa mwaka 2008, na tangu hapo mkondo umekuwa wa kukumbusha zaidi kuliko kufunga. Windows 10, iliyotoka tarehe 29 Julai 2015, na Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, huendelea kufungua mafaili, kuchapa na kupokea masahihisho ya usalama hata zikiwa hazijaamilishwa, na kinachozuiwa hasa ni mtumiaji kubadili mwonekano wa skrini. Jambo hili linastahili kusisitizwa kwa sababu hofu ndiyo inayowafanya watu wakubali lolote: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anayeamini kwamba tasnifu yake itafutika muda ukiisha hana nafasi ya kuuliza maswali, ilhali kwa kweli anao muda wa kutosha wa kuchunguza.

Ili uchunguzi huo uwe na maana, ni lazima kwanza ieleweke leseni hukaa wapi. Zamani ilikaa kwenye karatasi: ufunguo wa herufi na tarakimu 25, uliopangwa katika mafungu matano, ulibandikwa kwenye kibandiko tumboni mwa kompyuta, na aliyekuwa na macho makali aliweza kuusoma na kuuandika. Kuanzia kizazi cha Windows 8 mwaka 2012, watengenezaji wakubwa kama Dell, HP na Lenovo waliacha kuubandika ufunguo huo nje na wakaanza kuuandika ndani ya bayosi, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mkuu wa kompyuta, ambayo ndiyo huamka kwanza mashine inapowashwa. Windows 10 ikaongeza njia ya tatu, inayoitwa leseni ya kidijitali, ambapo seva za Microsoft huhifadhi alama ya utambulisho inayotokana na vifaa vya mashine, hasa ubao wake mkuu, na kila mfumo unapowekwa upya seva huitambua mashine hiyo na kuiamilisha bila kuulizia ufunguo. Tangu Agosti 2016 leseni ya aina hii huweza pia kuunganishwa na akaunti ya Microsoft ya mtumiaji, ili ubao ukibadilishwa mwenye mashine awe na njia ya kujieleza.

Leseni zenyewe nazo hutofautiana kwa masharti. Ipo iliyouzwa pamoja na mashine, ambayo haihami kwenda mashine nyingine. Ipo iliyonunuliwa peke yake, ambayo mwenyewe anaruhusiwa kuihamisha akiiondoa kwanza katika mashine ya zamani. Na ipo ya taasisi, ambayo huhudumia kompyuta nyingi kwa mkupuo. Hii ya mwisho ndiyo inayohitaji kuangaliwa kwa makini. Katika mojawapo ya mifumo yake, inayojulikana kwa kifupi cha KMS, taasisi huendesha seva yake yenyewe ambayo haianzi kuamilisha mpaka iombwe na kompyuta zisizopungua 25, na kila kompyuta hupewa uhalali wa siku 180 tu, ikilazimika kurudi kwa seva hiyo ili kuhuisha muda. Nyumba ya Uyole au ya Kihesa yenye kompyuta moja haina sababu halali ya kuwa na leseni ya namna hiyo, isipokuwa kama kompyuta yenyewe ni mali ya mwajiri. Hata hivyo leseni bandia za mfumo huo ndizo zilizojaa katika mashine zinazopita mikononi mwa mafundi, na ndiyo maana matatizo mengi hurudi baada ya miezi kadhaa yakiwa yaleyale.

Njia ambayo kompyuta hupitia kabla ya kufika Mwanjelwa au Miyomboni inaeleza mengi. Ofisi za Uingereza au za Falme za Kiarabu hubadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka michache, hufuta au huondoa diski kwa ajili ya kulinda siri zake, na mashine huuzwa kwa jumla. Zikifika Kariakoo, Dar es Salaam, huwekewa mfumo kwa haraka, mara nyingi kwa kunakili taswira moja ya diski katika mashine kadhaa, kisha husafirishwa kwa basi au lori kupitia barabara kuu ya kwenda Tunduma. Muuzaji wa jumla hana muda wa kuuliza kila mashine ilitoka kiwandani na Windows Home au Windows Pro. Huweka toleo moja kwa zote, aghalabu Pro au Enterprise, na kuliamilisha kwa kraki, yaani programu ya kuvunja leseni. Matokeo yake ni hali ya kusikitisha ambayo hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: chini ya Windows ya wizi umelala ufunguo halali ndani ya bayosi, uliolipiwa tangu kiwandani, ambao mwenye mashine hajui kwamba ni wake.

Kuutafuta ufunguo huo hakuhitaji utaalamu mkubwa. Ndani ya PowerShell, ambalo ni dirisha la kuandikia amri lililomo katika kila Windows ya sasa, amri "(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey" huonyesha ufunguo uliomo katika bayosi kama upo, na jibu likiwa tupu maana yake mashine haikutoka kiwandani na ufunguo wa aina hiyo au ubao wake umeguswa. Amri nyingine, "slmgr /xpr", hueleza kama uamilishaji uliopo ni wa kudumu au una tarehe ya kuisha. Tarehe ikitajwa katika kompyuta ya nyumbani, hapo pana leseni ya taasisi iliyopachikwa. Majibu haya mawili yakiwekwa pamoja na jina la toleo lililowekwa, ambalo husomeka katika ukurasa wa mipangilio ya mfumo, karibu nusu ya utambuzi imekamilika kabla ya shilingi moja kutumika.

Ni lazima hata hivyo pawepo tahadhari kuhusu umri wa ufunguo unaopatikana. Ufunguo wa Windows 10 au 11 uliomo katika bayosi huamilisha toleo lake bila masharti zaidi. Ufunguo wa Windows 8, unaopatikana katika mashine za miaka ya 2012 hadi 2015, hauna tena nguvu ya kuamilisha Windows 10: Microsoft ilitangaza nafasi ya kuhamia Windows 10 bila malipo kuwa ya mwaka mmoja hadi 29 Julai 2016, ikaendelea kuiachia mlango wazi kimyakimya kwa miaka saba zaidi, kisha ikaufunga Septemba 2023. Mashine ya zamani iliyovuka kihalali kabla ya mlango kufungwa bado inakumbukwa na seva na itaamilishwa. Ile ambayo haikuvuka haitaamilishwa, na fundi anayeahidi vinginevyo anaahidi kraki.

Sababu ya pili ya matatizo haitoki Kariakoo wala Microsoft bali hutoka angani. Nyanda za Juu Kusini hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na radi zake ni kali kiasi kwamba kaya nyingi zina desturi ya busara ya kuchomoa kila kifaa ukutani wingu linapofunga. Desturi hiyo huokoa mashine, lakini ina athari ambayo haisemwi. Kompyuta ya mezani inapokuwa imechomekwa, hata ikiwa imezimwa, saa yake ya ndani huendeshwa kwa umeme wa ukutani; inapochomolewa hutegemea betri ndogo ya duara iitwayo CR2032, yenye volti 3, iliyopachikwa kwenye ubao mkuu. Mashine iliyokwisha kutumika miaka saba au minane ughaibuni huwa na betri iliyochoka, na baada ya majuma kadhaa ya kuchomolewa kila jioni betri hiyo hukata roho, saa ikarudi katika tarehe ya kiwandani ya miaka mingi iliyopita. Kwa kuwa mawasiliano kati ya kompyuta na seva ya uamilishaji hulindwa na vyeti vya kidijitali ambavyo kila kimoja kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, mashine inayoamini kwamba bado ni mwaka 2013 huvikataa vyeti vya leo kuwa si halali, na uamilishaji hushindikana kwa msimbo 0x80072F8F. Dalili ya pembeni ni kwamba tovuti nyingi nazo hukataa kufunguka. Tiba ni kurekebisha tarehe, kuchagua majira ya saa ya Afrika Mashariki, ambayo katika orodha ya Windows yameandikwa kwa jina la Nairobi, kubadilisha betri, na kujaribu upya. Hakuna sababu yoyote ya kufuta diski kwa kosa la saa, na bado diski hufutwa.

Radi na mipando ya ghafla ya umeme hufanya jambo jingine zito zaidi, nalo ni kuua ubao mkuu wenyewe. Katika miezi ya mgao wa umeme mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kukatika na kurudi kwa umeme kulikuwa jambo la kila siku, na ni wakati wa kurudi ndipo volti huweza kupanda ghafla. Fundi akibadilisha ubao, kwa macho ya seva ya Microsoft hiyo ni kompyuta nyingine, na mtumiaji hukutana na msimbo 0xC004F211 au 0x803F7001, yote miwili ikimaanisha kwamba leseni ya kidijitali ya mashine hii haionekani au vifaa vimebadilika. Aliyekuwa ameunganisha leseni na akaunti yake ya Microsoft hufungua kitatuzi cha matatizo katika ukurasa wa uamilishaji, huchagua maelezo kwamba alibadilisha vifaa hivi karibuni, na huitambulisha mashine yake kwa jina katika orodha, ingawa kwa leseni iliyouzwa pamoja na mashine njia hii haifanikiwi kila mara. Asiyekuwa ameunganisha hana ushahidi. Hapa pana jambo ambalo mafundi wachache hulitumia: ubao uliotolewa katika mashine nyingine iliyokufa ya muundo uleule huja na ufunguo wake mwenyewe katika bayosi yake, kwa hiyo kabla ya kukata tamaa inafaa kuusoma ufunguo huo na kuweka toleo linalolingana nao.

Kinyume cha hali hiyo hutokea pale ubao unapotengenezwa kwa kuandika upya chipu ya bayosi kwa kutumia faili lililopakuliwa. Faili kama hilo hunakiliwa kutoka mashine halisi ya mtu fulani, na huweza kubeba ufunguo wa mashine hiyo pamoja na namba zake za utambulisho. Kwa njia hiyo kompyuta za watu wasiojuana, zilizotengenezwa kwa faili moja, hujikuta zinadai leseni moja. Seva ikihesabu matumizi yaliyozidi hujibu kwa msimbo 0xC004C008, na ufunguo ukifungiwa kabisa hujibu kwa 0xC004C003. Fundi mwaminifu huihifadhi nakala ya bayosi ya mashine ya mteja kabla ya kuigusa, kama chipu bado inasomeka, na kuurudisha ufunguo wa asili baada ya kazi. Mteja ana haki ya kuliomba hilo.

Misimbo 0xC004C008 na 0xC004C003 huonekana pia kwa walionunua funguo za bei ya kutupa katika makundi ya WhatsApp. Funguo hizo kwa kawaida ni za taasisi zilizomegwa na kuuzwa rejareja kinyume cha masharti, na huweza kufanya kazi kwa muda mpaka taasisi yenyewe au Microsoft inapozifungia.

Kuhusu mtandao, kinachohitaji kusemwa si kingi, kwa sababu uamilishaji hutumia data ndogo sana na bando la simu linatosha. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Iringa na Mbeya, na hitilafu kubwa zinapotokea huwa za nchi nzima au za ukanda mzima: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na aliyejaribu kuamilisha mashine siku hizo hakuwa na kosa lolote la kurekebisha isipokuwa kusubiri. Kilicho kigumu zaidi kukigundua ni mtandao uliofungwa kutoka ndani. Kraki nyingi huandika majina ya seva za Microsoft katika faili liitwalo hosts, lililomo ndani ya folda za mfumo, ili mashine isiweze kuzifikia, au huacha anwani ya seva bandia ya KMS. Mtumiaji anaponunua leseni halali baadaye, mashine huendelea kuitafuta seva ya zamani na kutoa msimbo 0xC004F074 au 0x8007007B huku YouTube ikifunguka bila shida. Amri "slmgr /ckms" hufuta anwani hiyo, na mistari iliyopachikwa katika faili la hosts hufutwa kwa mkono, lakini kwa mashine iliyowahi kukrakiwa suluhisho la kuaminika ni kuweka mfumo upya kutoka chanzo rasmi.

Ushauri huo una sababu iliyo nzito kuliko usafi wa mafaili. Kraki humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi, na kwa kufanya hivyo hupewa mamlaka yote juu ya mashine. Desemba 2021 kampuni ya usalama wa mitandao ya Red Canary ilieleza jinsi vifurushi vya KMSPico, mojawapo ya kraki zilizoenea sana, vilivyokutwa vikibeba programu hasidi ya Cryptbot, ambayo huiba nywila zilizohifadhiwa katika vivinjari. Kwa kijana wa Iringa aliyehifadhi katika kivinjari nywila ya akaunti yake ya Bodi ya Mikopo, ya Ajira Portal na ya barua pepe, hasara hiyo ni kubwa kupita bei ya leseni yoyote, na huja bila sauti. Kisheria, programu za kompyuta ni miongoni mwa kazi zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia ukiukaji wa haki za ubunifu. Lakini ingekuwa si haki kumbebesha lawama mnunuzi wa mwisho aliyekabidhiwa mashine ikiwa tayari imekrakiwa bila kuambiwa. Wajibu wa kwanza ni wa muuzaji, naye anapaswa kuifungua mashine mbele ya mteja, kuonyesha ukurasa wa uamilishaji, na kuandika katika risiti toleo na aina ya leseni.

Kuweka mfumo upya kwa njia rasmi kuna gharama yake. Windows hupakuliwa bila malipo kutoka Microsoft, lakini faili lake lina ukubwa wa gigabaiti 5 au zaidi, kiasi ambacho kwa bando la simu ni mzigo wa kweli. Mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa au wa Chuo Kikuu cha Iringa hufanya vyema kulipakua kwa mtandao wa chuo, na fundi mwenye flashi moja iliyotengenezwa kutoka chanzo hicho angewahudumia mamia ya wateja kwa upakuaji mmoja. Flashi rasmi ina faida nyingine: husoma ufunguo uliomo katika bayosi na kuchagua toleo lenyewe, hivyo mashine iliyozaliwa na Home haitawekewa Pro kwa bahati mbaya. Kabla ya yote hayo nyaraka za mtumiaji zinakiliwe nje ya diski.

Swali zima limebadilika tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji ambacho, kwa upande wa Intel, kwa jumla ni cha kizazi cha nane au zaidi, na kompyuta za kizazi cha nne hadi cha saba zilizojaa katika maduka ya mitumba ya Mbeya na Iringa hazifikii kiwango hicho hata zikiwa na leseni halali kabisa. Kwa watumiaji wa nyumbani ulifunguliwa mpango wa nyongeza wa masahihisho hadi 13 Oktoba 2026, ambao hupatikana kwa akaunti ya Microsoft katika matoleo kama Home na Pro, lakini toleo la Enterprise ambalo fundi aliliweka kwa urahisi wake halimo, kwa hiyo uzembe wa siku moja sokoni umemnyima mtu kinga miaka kadhaa baadaye.

Kwa mashine zilizoachwa nyuma namna hiyo, mfumo huria wa Linux, ambao hauna uamilishaji wa aina yoyote, si tena shauri la wapenzi wa teknolojia peke yao. Nchini Tanzania njia hiyo ilikwisha kufikiriwa mapema: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Leo Linux Mint huja na LibreOffice, inayofungua nyaraka za Word kwa ufanisi wa kuridhisha, ingawa jedwali na mpangilio wa kurasa wa tasnifu ndefu huweza kuyumba na kuhitaji kukaguliwa kwenye kompyuta ya steshonari kabla ya kuchapwa, na baadhi ya printa za zamani hazipati programu za kuziendesha. Mwenye shaka anaweza kuuwasha mfumo huo moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, akajaribu printa yake, Wi-Fi yake na nyaraka zake, kisha akaamua. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha.